Genge la Katuni na Genge la Kweli



Katika mikutano ya vikundi vyetu, mabishano juu ya filamu za katuni na michezo ya video hayaishi. Wazazi wengi husema kwamba vitu hivi vinaharibu akili za watoto kwa kuwa vinaonyesha mambo yasiyowezekana: paka anaangukiwa na piano na kusimama tena akiwa mzima, fundi mfupi mwenye masharubu anaruka juu mara kadhaa ya kimo chake, gari linapinduka mara kumi na kuendelea na safari. Vijana nao hujibu kwamba huo ni mchezo tu, na kwamba hakuna mwenye akili timamu anayeuchukulia kuwa kweli. Majibu hayo mawili tumeyasikia mara nyingi, na kila mara watu huondoka wakiwa wamenuniana, kwa maana kila upande una haki kidogo na hakuna uliolitazama jambo lenyewe kwa makini.

Rai yetu ni hii. Kuvunja sheria za maumbile katika picha za kuchora hakumdhuru anayetazama. Kwaweza hata kuwa mlango mzuri wa kuzijua sheria hizo. Kinachotupasa kukichunguza ni kitu kingine kilichokaa nyuma ya maajabu hayo, nacho ni gharama iliyofutwa. Katika katuni na katika michezo, mtu huanguka, hugongwa, huungua, hupigwa risasi, lakini hakuna anayelipa. Kuruka kusikowezekana kila mtoto hukutambua kwa macho yake. Gharama iliyofutwa haionekani, kwa sababu kitu kilichoondolewa hakina picha.

Anayecheka anaijua sheria

Tuanze na mfano unaojulikana duniani kote. Mwaka 1949 Chuck Jones, mwongozaji wa filamu za katuni katika kampuni ya Warner Bros. ya Marekani, alitoa filamu ya kwanza ya Wile E. Coyote na Road Runner. Koyote, mnyama wa jamii ya mbweha, anamkimbiza ndege mwenye mbio za ajabu katika jangwa lenye magenge marefu, wala hamkamati. Katika filamu hizo limo tukio moja linalorudi tena na tena. Koyote anakimbia, anauvuka ukingo wa genge bila kutambua, anaendelea kukimbia hewani kana kwamba yu juu ya barabara, kisha anasimama. Anatazama chini. Anaelewa. Ndipo anapoanguka, wima kama ndoo iliyokatikiwa kamba kisimani.

Katika dunia yetu mambo hayaendi hivyo. Tangu nukta ile mguu unapoachana na mwamba, kuanguka kumekwisha kuanza, hata kama mwenye mguu hajui. Wakati huo huo mwendo wa kwenda mbele haukomi, kwa kuwa hewani hakuna kitu cha kuukomesha ghafula. Miendo hiyo miwili huungana na kuchora mstari uliopinda. Galileo Galilei alilieleza jambo hili katika kitabu alichokitoa mwaka 1638, na hesabu yake ingali inafundishwa katika shule zetu. Anayekimbia kwa kasi ya mita 10 kwa sekunde akiuvuka ukingo wa genge, baada ya sekunde 1 atakuwa mita 10 mbele na karibu mita 5 chini. Baada ya sekunde 2 atakuwa mita 20 mbele na karibu mita 20 chini. Kutojua hakumpi hata nukta moja ya msamaha.

Sasa tujiulize: kwa nini mtoto wa miaka mitano anacheka anapomwona koyote amesimama hewani? Anacheka kwa sababu anajua tayari kwamba vitu huanguka. Amekwisha kuangusha vikombe, amekwisha kuteleza kwenye matope, amekwisha kulia chini ya mwembe. Kama asingeijua sheria, asingeona kichekesho. Angeona mnyama amesimama mahali, basi. Kicheko chake ni ushahidi kwamba sheria imo ndani yake kabla hajajifunza jina lake. Ndiyo maana hatuwezi kukubaliana na wale wanaodai kwamba katuni humfundisha mtoto kuwa watu hawaanguki. Anayecheka anaijua sheria.

Hata hivyo, kuna mahali ambapo kosa la koyote linafanana na makosa yetu wenyewe. Wanazuoni wengine wa karne za kati walifundisha kwamba jiwe lililorushwa hubeba ndani yake msukumo uliotiwa na mkono, na kwamba msukumo huo ukiisha, jiwe huanguka. Soma tena mwendo wa koyote: anakwenda moja kwa moja, msukumo unakwisha, anashuka wima. Fikra hiyo haikufa pamoja na wazee hao. Mwaka 1983 mwanasaikolojia Mmarekani Michael McCloskey aliandika katika jarida Scientific American juu ya wanafunzi walioulizwa maswali mepesi kuhusu vitu vinavyoanguka, mmojawapo ukiwa mpira unaoachiwa na mtu anayetembea. Wengi walijibu kwamba mpira utaanguka wima, mahali pale pale ulipoachiwa. Kumbe mpira huendelea mbele pamoja na aliyeuachia, ukatua karibu na miguu yake.

Jaribuni jambo hilo katika uwanja wa parokia. Chora alama ya chokaa chini, mwambie mwenzako akimbie akiwa na jiwe dogo mkononi, aliachie bila kulirusha wakati mkono wake unapokuwa juu ya alama. Kabla hajakimbia, kila mmoja aseme jiwe litaanguka wapi: nyuma ya alama, juu yake, au mbele yake. Mtashangaa kuona ni wangapi kati yetu tunaoijua sheria tunapocheka, na kuisahau tunapoulizwa.

Wanaovunja sheria ndio walioisoma

Watu hudhani kwamba mchoraji wa katuni huchora tu yanayomjia kichwani. Ukweli ni kinyume cha hayo. Frank Thomas na Ollie Johnston, wachoraji wawili waliofanya kazi miaka mingi katika kampuni ya Disney, walitoa mwaka 1981 kitabu kiitwacho The Illusion of Life, na ndani yake wakaeleza kanuni 12 za kazi yao. Kanuni mojawapo yahusu kubonyea na kunyooka. Mpira ukigonga ardhi hubonyea na kuwa mpana, ukiruka hunyooka na kuwa mwembamba. Lakini wachoraji hao walisisitiza sharti moja: ujazo wa mpira usibadilike. Ukipanuka upande mmoja, lazima upungue upande mwingine. La sivyo mtazamaji ataona kitu kinachovimba na kunywea, wala hatauona mpira. Basi, hata katika nchi ya maajabu, kuna sheria inayoheshimiwa ili sheria nyingine ipate kuvunjwa. Atakayeuchora uongo wa namna hiyo sharti kwanza aujue ukweli wa mpira.

Katika michezo ya video, ujuzi huo umekuwa hesabu kabisa. Mwaka 1985 kampuni ya Nintendo ya Japani ilitoa mchezo wa Super Mario Bros., ulioongozwa na Shigeru Miyamoto. Shujaa wake ni fundi bomba, na kazi yake kubwa ni kuruka. Ukigusa kitufe kwa upesi, anaruka kidogo. Ukikishikilia, anapaa zaidi. Tena, akiwa hewani, unaweza kumpunguzia mwendo au kumrudisha alikotoka, ingawa hana kitu cha kusukumia miguu. Muulizeni golikipa yeyote kama hilo lawezekana. Akisharuka upande wa kulia, na mpira ukagonga mguu wa beki ukageukia kushoto, anaweza kunyoosha mkono au mguu, lakini mwili wake utatua pale pale ulipokuwa unakwenda. Njia yake ilikatwa wakati miguu ilipoachana na nyasi.

Walioutengeneza mchezo huo hawakukosea. Ndani ya programu, mvutano wa ardhi ni namba tu, na namba hiyo huandikwa na mtu. Katika Super Mario Bros. namba hiyo ni ndogo wakati kidole kingali kimeshikilia kitufe na shujaa anapanda, nayo huongezeka kidole kinapoachia na wakati wa kushuka. Mvutano unaotii kidole haupo katika sayari yoyote. Upo kwa sababu mchezaji hutaka kupaa kwa raha na kutua kwa upesi, naye mtengenezaji amelipima hitaji hilo kama fundi cherehani anavyopima bega.

Kuna ufundi mwingine unaogusa zaidi hoja yetu. Katika michezo mingi ya kuruka, mchezaji akichelewa kidogo, yaani shujaa akiwa amekwisha kuuvuka ukingo, programu bado humruhusu kuruka kwa muda wa sehemu ndogo ya sekunde, kana kwamba angali amekanyaga ardhi. Mchezo wa Celeste wa mwaka 2018 unatumia ufundi huo, na watengenezaji wa michezo wameupa jina la yule mnyama wa Chuck Jones: huuita muda wa koyote. Sababu yake ni ya kibinadamu. Jicho huchelewa kuona, kidole huchelewa kutii. Mchezaji aliyeadhibiwa kwa kila uchelewevu huo angeona kwamba ameonewa, akauacha mchezo. Kwa hiyo mtengenezaji amemwekea huruma kimya kimya. Wengi wanaocheza hawajui kabisa kwamba wanahurumiwa.

Wala tusifikiri kwamba kila tunachokiona cha ajabu ni uongo. Mwaka 1971 mwanaanga David Scott wa safari ya Apollo 15 alisimama juu ya mwezi, akaachia nyundo na unyoya kwa wakati mmoja, navyo vikatua pamoja, kwa kuwa huko hakuna hewa ya kuuchelewesha unyoya. Mvutano wa mwezi ni kama sehemu moja ya sita ya mvutano wa dunia; anayeruka huko huelea kama katika mchezo. Sheria ni ile ile ya nyumbani kwetu, namba peke yake ndiyo iliyobadilika. Kijana anayelielewa hilo amepiga hatua kubwa, kwa maana ametenganisha sheria na mazoea.

Gharama iliyofutwa

Mpaka hapa tumezitetea katuni na michezo. Sasa tugeukie upande wa pili.

Tangu mwaka 1940, William Hanna na Joseph Barbera walipowaleta Tom na Jerry, paka yule amepigwa kwa kikaango mpaka uso wake ukachukua umbo la kikaango. Tukio linalofuata, uso umerudi. Jeraha la katuni huishi sekunde chache tu. Katika michezo ya video jeraha limekuwa namba: mioyo mitatu, roho tatu, alama mia moja. Ukila tunda, moyo hurudi. Ukijificha nyuma ya ukuta kidogo, damu hukauka. Ukifa, unaanza tena pale ulipohifadhi. Kila mahali mtu anaadhibiwa kwa kupoteza muda kidogo, na baada ya hapo deni limefutwa.

Tuchukue Minecraft, mchezo wa kampuni ya Mojang ya Uswidi uliotolewa kikamilifu mwaka 2011, ambao wengi wenu mnao katika simu. Humo unaweza kuruka kutoka mlimani ukatua katika dimbwi la maji usipate hata mchubuko. Katika dunia yetu, anayeanguka mita 20 hugusa maji akiwa na kasi ya kilomita 70 kwa saa, na maji hayawezi kumpisha kwa upesi huo. Yanaweza kumuumiza vibaya. Humo pia unaweza kuondoa shina la mti, na matawi yakabaki hewani. Unaweza kuchimba njia ndefu chini ya mlima bila nguzo hata moja, na paa lisiporomoke, isipokuwa mahali penye mchanga na kokoto. Waliounda mchezo walichagua hivyo ili mtoto ajenge kwa uhuru, nasi hatuwalaumu.

Lakini sisi tunaishi katika nchi ya vilima na mashimo. Tarehe 11 Septemba 2020, huko Kamituga katika Kivu ya Kusini, mvua kubwa ilijaza maji machimbo ya dhahabu, na watu wapatao 50 walipoteza uhai, wengi wao wakiwa vijana. Hatusemi kwamba mchezo wowote uliwaua. Watu wale walijua kazi yao, nao waliingia shimoni kutafuta mkate. Tunasema jambo lingine. Udongo ulio juu ya kichwa cha mchimbaji hausimami kwa sababu jana ulisimama. Uzito wake unafanya kazi kila nukta, usiku na mchana, na mvua huongeza uzito huo huku ikilegeza kilichoushikilia. Kijana aliyezoea kuona mlima usio na uzito anahitaji mtu wa kumwambia hayo kwa sauti, kabla mtu mwingine hajamwambia habari za fedha.

Tuje kwenye barabara, ambapo hatari hii inatuhusu karibu wote. Katika mchezo wa mbio za magari, ukigonga ukuta, baada ya sekunde 2 gari limerudishwa katikati ya barabara likiwa zima. Hebu tufanye hesabu ya kweli, ambayo mwanafunzi yeyote wa sekondari anaweza kuihakikisha. Mtu aliye juu ya pikipiki inayokwenda kilomita 40 kwa saa ana kasi sawa na ya mtu aliyeanguka kutoka kimo cha mita 6. Kwa kilomita 60, kimo hicho ni mita 14, yaani nyumba ya ghorofa nne hivi. Kwa kilomita 80, ni mita 25. Tazameni vizuri namba hizo: kasi imeongezeka mara mbili tu, kutoka 40 hadi 80, lakini kimo kimeongezeka mara nne. Hakuna mmoja wetu anayeweza kusimama juu ya paa la ghorofa ya nne bila kushika kitu, watu watatu wakiwa wameng'ang'aniana, huku wakizungumza na simu. Juu ya pikipiki twafanya hivyo kila siku, kwa sababu genge la barabarani limelala chini na macho hayalioni.

Hapo pia ndipo kanuni ya wachoraji inaporudi kutusaidia. Kinachomvunja mtu ni ule upesi wa kusimamishwa. Kichwa kikikutana na lami, kinasimamishwa ndani ya sehemu ndogo mno ya sekunde. Ndani ya kofia ngumu ya pikipiki kuna tabaka laini linalobonyea, na kwa kubonyea huko kichwa hupata sentimita chache za kusimamia. Sentimita hizo chache ndizo tofauti kati ya mtu anayerudi nyumbani na mtu anayerudishwa. Mpira wa katuni hubonyea ili tucheke. Kofia hubonyea ili fuvu lisibonyee. Dunia haikutuwekea muda wa koyote. Kofia ndiyo muda wa koyote tunaoweza kujinunulia wenyewe.

Juu ya michezo ya bunduki tutasema machache, kwa sababu katika eneo letu jambo hilo halihitaji maelezo. Mchezaji aliyepigwa risasi hungoja kidogo, akarudi uwanjani. Sisi tunazijua familia ambamo aliyepigwa hakurudi, na nyingine ambamo alirudi bila mguu. Anayecheza mchezo huo akiwa mbali na vita aweza kuiona risasi kama alama ya kijani au nyekundu. Sisi hatuna udhuru huo.

Hoja za wanaotupinga

Wapo watakaosema: hata babu zetu walisimulia mambo yasiyowezekana. Sungura alizungumza, fisi alimezwa akatoka, mti ulitembea, wala hakuna mtoto aliyedhurika. Ni kweli, nasi tunazipenda hadithi hizo. Lakini tazameni zilivyosimuliwa. Mtoto alikaa karibu na mkubwa, na hadithi ikiisha, mkubwa aliulizwa na akajibu. Tena, ndani ya hadithi zenyewe gharama mara nyingi ilibaki: mlafi alipoteza rafiki, mwongo alikamatwa. Maajabu yalikuwa katika njia, si katika malipo. Anayecheza na simu usiku chini ya blanketi hana wa kumuuliza, naye hurudia anguko lile lile mara mia bila kusikia neno.

Wengine watasema kwamba mchezo wenye gharama za kweli haungechezeka. Hilo nalo twalikubali. Nani angeununua mchezo ambamo shujaa aliyevunjika mguu analazwa miezi mitatu, na familia yake inauza mbuzi ili kulipa hospitali? Mtengenezaji analazimika kuifuta gharama. Kwa sababu hiyo hasa, kazi ya kuikumbuka inabaki kwetu, tunaotazama na kucheza. Hatuwezi kumwachia yeye, wala hatupaswi kumlaani.

Mwisho, wapo wazazi watakaotuambia kwamba njia rahisi ni kuzikusanya simu zote. Tunawaheshimu, na tunajua wanayoyahofia. Lakini simu iliyofichwa leo itapatikana kesho kwa jirani, na mtoto ataucheza mchezo ule ule, safari hii akiwa peke yake zaidi. Kukataza hakumpi mtoto jicho la kuona kilichofutwa.

Tufanye nini

Tunapendekeza kwa vikundi vya vijana jambo dogo linaloweza kuanza mwezi huu. Mara moja kwa mwezi, kikundi kichague tukio moja fupi la katuni au la mchezo, kilitazame pamoja, kisha kiisimamishe picha na kuuliza maswali matatu kwa utaratibu. Ni sheria gani imevunjwa hapa? Katika dunia yetu, nini kingetokea, na kwa kasi gani? Nani angelipa, na kwa muda gani? Swali la kwanza litaleta kicheko, la pili litaleta kalamu na karatasi, la tatu litaleta ukimya. Yote matatu yanahitajika.

Kila parokia ina walimu, na kati yao yuko anayefundisha fizikia katika darasa lisilo na vyombo. Mwalikeni. Simu inayotumiwa kucheza yaweza kuwa chombo chake. Simu nyingi hupiga picha 30 kwa kila sekunde zinaporekodi video. Rekodini jiwe likiachiwa kutoka kimo cha mita 1.2, kisha hesabuni picha moja moja tangu kuachiwa hadi kutua. Mtapata picha kama 15, yaani nusu sekunde, sawasawa na hesabu ya Galileo. Kisha rekodini shujaa wa mchezo akianguka, mpime kimo chake kwa kukilinganisha na nyumba au mti ulio karibu naye, mtafute namba ya mvutano aliopewa na mtengenezaji. Anayefanya kazi hiyo mara moja hawezi tena kuutazama mchezo kama mtumwa wake. Ameingia chumba ambamo mchezo umetengenezwa.

Na kwa nini asibaki katika chumba hicho? Kati yenu wapo watakaoandika programu siku moja. Watakapofika mahali pa kuandika namba ya mvutano, watapaswa kuchagua. Tungependa wachague wakijua wanachobadilisha. Twaweza kuuwazia mchezo uliotengenezwa na vijana wa Bukavu au Goma, ambamo kilima kilichokatwa miti huporomoka mvua inaponyesha, na anayeendesha pikipiki bila kofia hupata kuona, mara moja tu, bei halisi ya kilomita 60. Mchezo wa namna hiyo waweza kuwa na furaha pia, kwa maana sheria inayojulikana haizuii kucheza. Mpira wa miguu ni ushahidi: hakuna anayeuvunja mvutano wa dunia uwanjani, na bado twashangilia.

Basi chekeni mnapomwona koyote amesimama hewani. Kicheko hicho ni cha mtu aliyesoma. Lakini picha ikizimwa, na mkitoka nje kupanda pikipiki, kuingia shimoni, au kuogelea ziwani chini ya jabali, kumbukeni kwamba huko kuanguka huanza kabla ya kutazama chini, na kwamba uhai tuliopewa haukuhifadhiwa mahali pengine.

Maswali ya kutafakari katika kikundi

1. Ni tukio gani la katuni au la mchezo lililotuchekesha zaidi mwaka huu, na ni sheria gani tuliyopaswa kuijua ili tucheke?

2. Katika maisha yetu ya kila siku, ni wapi tunaishi kana kwamba tumewekewa muda wa koyote?

3. Kwa nini ni vigumu kuliogopa genge la barabarani kuliko genge la mlima, ilhali kimo ni kile kile? Kikundi chetu kinaweza kufanya nini ili kila anayekuja mkutanoni kwa pikipiki aje na kofia?

4. Kama tungetengeneza mchezo juu ya mji wetu, ni gharama gani tusingekubali kuifuta?